Hospitali Kuu na Msaada wa Karibu

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa chama



Mlipotuagiza tuseme neno leo juu ya habari za hospitali, baadhi ya wenzetu walitucheka kwa upole wakatuuliza, "Tangu lini makarani wamekuwa waganga?" Swali hilo ni la haki. Sisi hatujui kushona jeraha wala kusikiliza moyo. Kazi yetu ni daftari, hati, stakabadhi na majalada. Walakini katika miaka yetu ya utumishi tumeona ya kuwa mgonjwa hapiti mikononi mwa waganga peke yao. Hupita mikononi mwetu pia, tena aghalabu hutupitia sisi kwanza. Yuko karani aliye dirishani, yuko mwenye kushika kitabu cha mafuta, yuko mwenye kuandika barua ya rufaa kwa mashine, na yuko yule ambaye pasipo sahihi yake gari haliondoki. Basi twawaomba radhi waganga waliomo humu ndani. Yaliyo ya ujuzi wetu tutayasema waziwazi, na yaliyo yao tutayagusa kwa adabu.

Tutaanza na jambo lililotupata wenyewe. Wilaya hatutaitaja, wala mwaka, kwa kuwa ndugu za marehemu wangali hai. Tulikuwa tukishika vitabu vya hesabu katika afisi ya wilaya hiyo. Siku moja mchana, baada ya saa tisa, simu ilikuja kutoka zahanati iliyo mbali na boma kadiri ya kilomita 60. Mwanamke amejifungua, mtoto analia, lakini kondo la nyuma limekwama na damu haikomi. Muuguzi alikuwa peke yake zahanatini. Amemchoma sindano aliyokuwa nayo, amemtundikia maji, naye aomba gari.

Gari lilikuwapo. Lilisimama chini ya mwembe mbele ya dirisha letu, na dereva yumo ndani. Kilichopungua ni mafuta ya kwenda na kurudi. Na ili mafuta yatoke ilitakiwa hati yenye sahihi mbili. Ya kwanza ilipatikana kwa dakika kumi. Mwenye sahihi ya pili alikuwa mkutanoni katika mji mwingine, na simu yake ameizima kama adabu ya mikutano itakavyo. Dereva akaja dirishani petu mara ya kwanza, akaja mara ya pili. Mara ya tatu hakusema neno, alisimama tu ameshika kofia yake. Sisi tulimwambia, tena kwa moyo safi kabisa, "Ndugu yetu, kanuni ni kanuni." Sahihi ilipatikana saa kumi na mbili na robo. Gari likaenda, likafika usiku, likageuka usiku ule ule. Na mwanamke akakata roho njiani, hospitali ikiwa bado kilomita nane. Hospitalini walikuwa wamekwisha kutayarisha yote. Mpasuaji alikuwa amenawa mikono na damu ya kumwongezea ilikuwa tayari.

Mwezi uliofuata alikuja mkaguzi wa hesabu. Alikipitia kitabu chetu cha mafuta ukurasa kwa ukurasa, akasema kwamba katika safari yake yote hajaona kitabu kilichoandikwa vizuri kama kile. Twakumbuka ya kuwa tulifurahi.

Mabwana na mabibi, katika nchi hii watu wamebishana kwa muda mrefu: je, fedha za tiba zikusanywe katika hospitali chache kubwa zenye mabingwa na mashine, au zitawanywe katika zahanati na vituo vilivyo karibu na watu? Mabishano hayo ni ya zamani kuliko sisi sote tulio humu. Katika miaka ya 1890, tajiri wa Bagamoyo aitwaye Sewa Haji Paroo alitoa mali yake ili hospitali ijengwe Dar es Salaam, na jina lake lingali katika jengo moja la Muhimbili. Hiyo ilikuwa hospitali ya mjini, kwa watu wa mjini. Baadaye, tangu mwaka 1926, Serikali ya Tanganyika ilianza kuwafundisha wafunga vidonda, walioitwa madresa, wakawekwa vijijini chini ya tawala za wenyeji. Kila mmoja alikuwa na kibanda chake, dawa chache na bendeji. Waganga wengine wa siku zile waliwadharau, wakisema tiba ya nusu ni hatari kuliko kukosa tiba. Wengine wakajibu kwamba mwenye kidonda hawezi kutembea siku nne kufuata tiba nzima. Kila upande ulikuwa na haki yake.

Mwaka 1964 Profesa Richard Titmuss wa London na wenzake walitoa taarifa yao juu ya huduma za afya za Tanganyika, wakashauri nguvu zielekezwe kwenye vituo vya afya vya vijijini kuliko kuongeza hospitali. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 shauri hilo lilipata nguvu, na zahanati zikaongezeka sana. Hata hivyo katika mwaka 1971 zilifunguliwa hospitali mbili kubwa, KCMC huko Moshi na Bugando huko Mwanza, na hakuna awezaye kusimama leo akasema kwamba hazikuhitajiwa. Maana nchi ilikuwa ikijaribu kufanya mambo mawili kwa mfuko mmoja.

Wako watu wasemao kwamba hospitali kubwa ni fahari tu. Sisi hatumo katika hao. Ziko kazi ambazo mkono huzijua kwa kuzifanya kila siku, na mkono uzifanyao mara mbili kwa mwaka haufai kuaminiwa. Kupasua moyo ni mojawapo, na kupasua kichwa, na kutibu saratani kwa mionzi. Mifano iko hata katika nchi tajiri. Katika mji wa London, kabla ya mwaka 2010, mtu aliyepatwa na kiharusi aliweza kupelekwa katika hospitali yo yote miongoni mwa hospitali thelathini hivi. Mwaka ule wakaamua kwamba saa za kwanza za ugonjwa huo zitatibiwa katika hospitali 8 tu, zenye mabingwa na mashine za kupiga picha ya ubongo usiku na mchana. Watu walinung'unika kwamba wanaondolewa hospitali yao ya jirani. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha ya kuwa vifo vimepungua London kuliko katika sehemu nyingine za Uingereza. Waliopunguza hospitali walifanya vema.

Walakini tusiishie hapo kama wafanyavyo wengi wanaosoma habari za ng'ambo. Hospitali zile 8 zilipangwa hivi kwamba mgonjwa afikishwe kwa gari ndani ya dakika 30. Hayo ndiyo yaliyokuwa sharti la mpango wote. Gari lina mafuta, ndani yake mna mtu aliyefundishwa, na hospitalini mlango uko wazi. Ondoa dakika hizo 30 na hospitali 8 zinakuwa hukumu kwa wote walio mbali nazo. Sisi tuna nchi yenye eneo la kilomita za mraba 945,000 na zaidi, na watu 61,741,120 kwa hesabu ya mwaka 2022, walio wengi wakikaa vijijini. Atakayesema "tukusanye" bila kusema "kwa njia gani, na kwa saa ngapi" hajamaliza maneno yake.

Basi ni mambo gani yasiyoweza kungoja safari? Waganga hutuambia kwamba ni machache. Pumzi iliyozibwa haingoji. Mtoto aliyezaliwa bila kulia hungojwa dakika moja, yaani kwa kweli hangojwi. Mama anayetokwa na damu baada ya kuzaa, asiposaidiwa, aweza kufa ndani ya saa mbili. Aliyeanguka na pikipiki akavunjika paja hutokwa na damu ndani kwa ndani bila ya mtu kuiona. Kwa watu hao hospitali kubwa, hata ikiwa ni bora kuliko zote, ni kama kisima kilicho ng'ambo ya mto kwa mtu ambaye nyumba yake inawaka moto.

Na jambo la kutia moyo ni hili, kwamba mengi ya yale yasiyoweza kungoja hayahitaji majumba makubwa. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, hospitali za ngazi ya pili na wala si zile kuu za taifa, kwa wanawake zaidi ya 210,000. Walichokiongeza kilikuwa kidogo. Chini ya mama aliyejifungua liliwekwa shuka la plastiki lenye mfuko na mistari ya kipimo, ili damu inayotoka ionekane kwa kipimo, isikadiriwe kwa jicho. Damu ilipofika mstari fulani, mkunga hakungoja kuuliza. Alifanya mambo yote kwa pamoja: kulikanda tumbo la uzazi, kutoa dawa ya kulikaza na dawa ya kuigandisha damu, kutundika maji, kisha kuchunguza damu inatoka wapi. Madhara makubwa ya kutokwa na damu, kwa kuyajumlisha, yalipungua kwa asilimia 60. Karani yo yote ataelewa siri yake. Kabla ya hapo kila mtu alikadiria, na kukadiria huleta hesabu ndogo kuliko ilivyo kweli. Walipoanza kupima, walianza kujua kwa wakati.

Tena mwaka 2025 ilichapishwa habari ya kazi iliyofanywa hapa kwetu, katika hospitali na vituo 30 vya mikoa 5: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Wakunga walifanya mazoezi mafupi mahali pa kazi, mara kwa mara, kwa sanamu za mama na mtoto. Hawakuitwa mjini kwenye semina. Vifo vya akina mama katika mahali hapo vilipungua kwa asilimia 75 hivi. Semina tunazijua sana sisi tunaoandika hati zake za posho, na tusiseme zaidi.

Upasuaji wa uzazi ni jambo la katikati. Haliwezi kuwa katika kila zahanati, maana chumba cha upasuaji bila mtoa dawa ya usingizi, bila damu, bila maji safi, ni chumba cha kuwekea magodoro, nasi tumeviona vyumba vya namna hiyo. Wala haliwezi kungoja mji mkuu wa kanda. Hapa nchi yetu ilifanya jambo la busara ambalo twalisahau. Tangu mwaka 1963 iliwafundisha waganga wasaidizi, watu wasio na shahada ya udaktari, wakajua upasuaji wa dharura. Kwa miaka mingi hao ndio waliofanya sehemu kubwa kabisa ya upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya. Uchunguzi uliofanywa Mwanza na Kigoma ukaonyesha kwamba kazi yao haikuwa duni kuliko ya madaktari wenye shahada. Na tangu mwaka 2017 vituo vya afya vingi vilipanuliwa ili upasuaji huo usogee karibu zaidi. Kwa maoni yetu hapo ndipo panapofaa fedha nyingi, katika ngazi hiyo ya kati, mahali ambapo wazazi ni wengi kiasi cha kuufanya mkono wa mpasuaji usiote kutu, na njia ni fupi kiasi cha kumfikisha mtu akiwa hai. Mahali hapo hapawezi kupimwa kwa mipaka ya wilaya wala kwa kura za wajumbe. Hupimwa kwa saa za barabara, na wakati wa masika saa hizo ni nyingine.

Hata hospitali kuu zenyewe zilichelewa kulijua jambo hili. Muhimbili ilikuwa na wapasuaji na mabingwa kwa miongo mingi, lakini idara kamili ya tiba ya dharura ilifunguliwa mwaka 2010, na mabingwa wa kwanza wa tiba hiyo waliofundishwa nchini walihitimu mwaka 2013. Kabla ya hapo jengo lilikuwa kubwa na mlango wake mwembamba. Baadaye, kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2021, zilijengwa idara za dharura katika hospitali nyingi za mikoa na wilaya, na magari ya wagonjwa yakanunuliwa. Hayo ni mambo mema. Ila kila gari jipya ni kitabu kipya cha mafuta, na kila kitabu kina mwenye kukishika.

Hapa ndipo tunaporudi nyumbani kwetu. Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba mama mzazi huuawa na kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akiisha kufika. Tulipoyasoma hayo mara ya kwanza tulijiuliza yule mwanamke wetu aliuawa na kuchelewa kupi. Hakukawia kuamua, alikuwa amekwisha kuwako zahanatini. Hakukawizwa hospitalini, walikuwa wakimngoja. Barabara ilimchukua saa moja na robo kila upande. Saa tatu nyingine zilikuwa mezani petu.

Kwa hiyo tuliposikia habari za mpango uitwao m-mama tuliusikiliza kwa masikio ya karani. Ulijaribiwa kwanza pande za Ziwa, Sengerema na Shinyanga, na mwezi wa Aprili mwaka 2022 ulizinduliwa ili uenezwe nchi nzima. Mtu hupiga namba 115 bila malipo. Anayepokea ameandaliwa maswali ya kuuliza, naye huamua mgonjwa apelekwe kituo gani na huita gari la wagonjwa. Gari hilo likiwa mbali au bovu, humwita dereva wa kawaida wa pale kijijini, aliyeandikishwa mapema na bei ya safari ikakubaliwa mapema, naye hulipwa kwa simu yake. Wengi husifu mashine zake. Sisi tunasifu jambo jingine, kwamba hati zote zilikwisha kuandikwa kabla mtu hajaugua. Idhini ilitolewa mchana, watu wakiwa na akili tulivu, ili usiku asitafutwe mwenye kalamu. Hii ni kazi ya afisi iliyofanywa vizuri, nasi tuna haki ya kuisifu kama mafundi wasifuvyo mlango uliopachikwa sawa.

Katika uchunguzi wa nchi wa mwaka 2015-16 vifo vya uzazi vilihesabiwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Katika ule wa mwaka 2022 vilihesabiwa 104. Hatusemi kwamba tofauti hiyo ni ya magari, maana sababu ni nyingi, na hesabu za namna hii hukisiwa kwa kuwauliza watu habari za ndugu zao. Lakini mpango ule una mpaka wake. Uliwekwa kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua, na watoto wachanga. Mvulana aliyegongwa akiwa juu ya bodaboda hayumo, wala mzee aliyeshikwa na kifua usiku, wala mtoto wa miaka mitano aliyeungua kwa maji ya moto. Hao wangali wakitegemea gari la jirani, na fedha za jirani, na hati zetu.

Na dirisha letu. Tuliseme hilo, ijapokuwa ni chungu. Tumewaona majeruhi wakiulizwa fomu ya polisi, ile PF3, kabla hawajaulizwa wanaumwa wapi. Fomu ile ina kazi yake ya haki mahakamani, haikuwekwa iwe mlango wa chumba cha tiba. Na wakubwa wa Serikali wamekwisha kusema mara nyingi kwamba majeruhi atibiwe kwanza. Tumewaona watu wakiombwa amana na huku wanatetemeka. Jirani zetu wa Kenya waliandika katika Katiba yao ya mwaka 2010, kifungu cha 43, kwamba mtu asinyimwe tiba ya dharura. Ni maneno mazuri mno. Na mwaka 2015 mjini Nairobi majeruhi mmoja alikaa ndani ya gari la wagonjwa saa 18 hivi, akizungushwa kutoka hospitali hadi hospitali, huku nafasi haipo na huku amana yatakiwa, hata alipopokelewa akafa. Katiba ilikuwa na miaka mitano tayari. Hatusemi hivyo kwa kuwacheka, sisi tuna nini cha kuwacheka? Twasema kwa kuwa Katiba huandikwa na wakubwa, lakini husomwa au haisomwi na karani aliye zamu usiku wa Jumamosi.

Twajua mwenzetu mmoja atasimama baada yetu aseme: "Mabwana, mkilegeza hati za mafuta, gari la wagonjwa litabeba saruji." Asimame, kwani asema kweli. Tumeliona gari la wagonjwa likibeba saruji; tumeliona likibeba wageni wa harusi, na hata viti vya mkutano. Kanuni ya sahihi mbili iliwekwa kwa sababu ya wizi ulio kweli, na aliyeiweka hakuwa mtu mbaya. Kosa lake ni moja, aliitazama safari ya harusi na safari ya damu kwa jicho moja. Wizi waweza kukamatwa kesho katika kitabu. Damu haikamatwi kesho.

Basi tunayoyaomba chama kiyapeleke kwa wakubwa wetu ni haya, nayo ni madogo. Tangi la gari la wagonjwa lisilale chini ya nusu, na dereva anayekabidhi zamu aandike kipimo chake kitabuni kama mlinzi aandikavyo funguo. Kwa safari ya dharura hati ifuate gari, isilitangulie: mganga wa zamu aamuru, gari liondoke, na sahihi zote mbili zitafutwe kesho yake asubuhi pamoja na jina la mgonjwa na kituo alikotoka, na asiyeweza kuonyesha mgonjwa alipe mafuta kutoka mshahara wake. Mwenye sahihi akisafiri, aache wa kumshika mkono, kwa maandishi. Na dirishani, jina na fedha viulizwe baada ya mganga kumwona mtu; asiyejulikana aandikwe "asiyejulikana" na saa aliyofika, yatosha.

Liko na la barua ya rufaa. Barua nyingi tulizoziona zasema "Tafadhali mpokee huyu kwa tiba zaidi," na basi. Hazisemi damu ilianza kutoka lini, wala dawa gani imekwisha kutolewa na saa ngapi. Mganga wa hospitali kubwa huanza upya, hata huitoa tena dawa iliyokwisha kutolewa. Tena barua haina jibu. Yule muuguzi aliyekuwa peke yake kilomita 60 mbali hakuandikiwa na mtu ye yote habari za mgonjwa wake. Alisikia sokoni. Hospitali kuu ikitaka zahanati zijifunze, na ijibu barua. Gharama yake ni karatasi.

Kwa ajili hiyo tumetengeneza karatasi ya mfano, ya kurasa mbili, tukisaidiwa na mganga mmoja na wakunga wawili ambao hawakutaka kutajwa. Ukurasa wa kwanza una nafasi za saa: saa simu ilipopigwa, saa gari lilipoondoka, saa lilipofika kwa mgonjwa, saa alipopokelewa, saa alipoguswa na mganga. Ukurasa wa pili ni wa jibu la kurudi zahanati. Nakala ishirini ziko kwa Bwana Mwandishi, naye atapiga nyingine kwa mashine wino ukipatikana. Mtu atakayeona nafasi iliyopungua au iliyozidi aandike pembeni kwa penseli na kuirudisha kabla ya mkutano ujao.

Moja katika nakala hizo imekwisha kujazwa. Tuliijaza wenyewe kwa siku ile tuliyowasimulia, kwa kuifuata simu iliyoandikwa na kitabu cha mafuta, ambacho, kama alivyosema mkaguzi, kimeandikwa vizuri. Simu, saa tisa na dakika kumi. Gari kuondoka, saa kumi na mbili na nusu. Kufika kwa mgonjwa, saa mbili kasorobo. Nafasi mbili za mwisho hazina kitu. Jina halimo. Iko juu kabisa ya fungu, mtaiona.